Kubadili urefu wa fimbo ya snuka: pa kukata, pa kuunga, na wakati wa kuiacha ilivyo

Fimbo nyingi za snuka zinazouzwa zina urefu wa inchi 57 hadi 58, yaani takriban sentimita 145 hadi 147. Kipimo hicho ni mazoea tu. Kanuni za mchezo zinataka fimbo isiwe chini ya futi 3 na iwe na umbo lililozoeleka la kupungua unene kuelekea mbele, basi. Mchezaji mfupi akitumia ya inchi 54 na mrefu akatumia ya 60, refa hana la kusema.

Ila fimbo si bomba la kukatwa popote. Ukiondoa kipande kitakoni, yaani mwisho mnene wa nyuma, umeondoa uzito. Ukiondoa mbele, ncha, yaani mwisho mwembamba, inakuwa nene na ngumu zaidi. Ukiunga kipande nyuma, mizani yote inarudi nyuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuupata urefu alioutaka na bado akashika fimbo ambayo mkono wake hauitambui. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima. Kukata kwenyewe ni kwa dakika chache.

Hakikisha tatizo ni urefu

Watu wengi husimamisha fimbo sakafuni kando yao na kutazama ncha inafika wapi. Ikiwa kati ya bega na kidevu, wanaridhika. Kipimo hicho kinasaidia wakati wa kununua, lakini mimi sikiamini sana, kwa sababu hakijali urefu wa mikono wala namna mtu anavyoinama. Watu wawili wa kimo kimoja huweza kuhitaji fimbo zinazopishana inchi mbili.

Kipimo cha kuaminika hufanyika mezani. Inama kama unavyocheza siku zote, mkono wa mbele ukiwa sentimita 23 hadi 30 nyuma ya mpira mweupe, kisha sogeza fimbo mpaka tipu, kile kipande kidogo cha ngozi kilichobandikwa kwenye ncha, iuguse mpira. Hapo mtu akupige picha kutoka upande wa mkono ulioshika kitako, kamera ikiwa usawa wa kiwiko. Katika picha, kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, kinapaswa kuning'inia wima au karibu na wima. Sasa angalia kiganja kiko wapi.

Ikiwa kiganja kimefika mwisho kabisa wa kitako na bado kigasha kimelalia mbele, fimbo ni fupi. Ikiwa kigasha kiko wima na nyuma ya kiganja kumebaki inchi 1 hadi 3, weka msumeno kabatini, huna kazi nao. Ikiwa kumebaki zaidi ya upana wa kiganja, kuna nafasi ya kufupisha, lakini hakuna lazima. Mti unaobaki nyuma ya mkono haudhuru kitu mradi haugongi mwili wala haufanyi kitako kielemee. Fimbo fupi ndiyo yenye madhara ya kweli, maana inamlazimisha mchezaji kuusogeza mkono wa mbele karibu na mpira na kujibana mwili mzima. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba fimbo ni ndefu, nitamwambia kwanza asogeze mkono.

Kuna wanaotaka kufupisha kwa sababu ya chumba. Uwanja wa kuchezea wa meza kamili ni milimita 3569 kwa 1778. Ukiongeza fimbo kila upande na nafasi ya kurudisha mkono, chumba kinahitaji kama mita 6.7 kwa 4.9. Kama ukuta mmoja unakubana, tafuta fimbo ya pili ya inchi 48 au pungufu, itumike kwenye kona hiyo tu. Mtoto naye apewe fimbo ya watoto ya inchi 48. Ukimkatia ya mtu mzima, baada ya miaka michache atahitaji kile kile ulichokitupa.

Fimbo ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono isiguswe, kwani thamani yake huanguka mara tu inapokatwa. Fimbo iliyopinda nayo haitanyooka kwa kukatwa.

Ijaribu kabla ya msumeno

Ukitaka kufupisha, zungushia utepe wa karatasi kwenye kitako mahali ambapo fimbo mpya ingeishia, na usiruhusu mkono kuuvuka kwa wiki kadhaa. Jaribio hili halikuonyeshi mabadiliko ya uzito, lakini linakuonyesha kama mwili wako unaupenda urefu huo. Ukitaka kurefusha, azima kirefusho cha kuchomeka nyuma na ucheze nacho mipira yote, siyo ile ya mbali tu. Wengi huishia hapa, na hakuna hasara.

Hesabu ya uzito na mizani

Chukua fimbo ya gramu 500 ambayo kituo chake cha mizani, pale inapolala sawasawa juu ya kidole kimoja, kiko inchi 17 kutoka mwisho wa kitako. Kitako kina kipenyo cha milimita 29 na ncha ina milimita 9.5.

Inchi moja ya kitako cha eboni ina uzito wa kama gramu 17. Ingekuwa ya mti mwepesi kama ashi, ingekuwa kama gramu 11. Inchi moja ya ncha haifiki hata gramu 2. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya kukata nyuma na kukata mbele.

Ukikata ile inchi ya eboni, fimbo inabaki na gramu 483, na kituo cha mizani kinahamia karibu inchi 0.6 kuelekea mbele juu ya mti. Mkono ukibaki mahali pale pale uliposhika zamani, utahisi fimbo imelalia mbele. Mkono ukisogea pamoja na mwisho mpya, mizani itakuwa inchi 16.6 kutoka hapo, kwa hiyo mabadiliko ni madogo. Kumbuka hili unapoamua ni wapi utashika baada ya kukata, maana fimbo ile ile iliyokatwa huwapa watu wawili hisia mbili tofauti.

Ukiunga inchi mbili za eboni nyuma, unaongeza kama gramu 34, na mizani inarudi nyuma zaidi ya inchi moja. Kirefusho cha inchi 6 chenye gramu 100 kinairudisha zaidi ya inchi 3. Ndiyo sababu fimbo yenye kirefusho hunyanyuka mbele kirahisi hivyo.

Andika kila kitu

Kabla ya chochote, andika urefu, uzito kwa gramu, na umbali wa kituo cha mizani kutoka kitakoni. Kwa kalipa ya venia, yaani kifaa cha kupimia unene kwa sehemu za milimita, pima kipenyo kila baada ya sentimita 10 kuanzia kwenye pete ya shaba iliyovaa ncha chini ya tipu hadi kitakoni. Mizani ya jikoni inatosha kwa uzito. Piga picha ya kitako na ya ncha. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye ni nini kilichobadilika. Kumbukumbu ya mkono hudanganya.

Vifaa vingine ni msumeno wa meno madogo wenye mgongo mgumu, jiliwa, vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfereji wa umbo la V na kuvikwa kitambaa, utepe wa karatasi, kisu kikali, msasa wa namba 120, 240, 400 na 600, kioo au bamba bapa kabisa, gundi ya epoksi inayokauka kwa saa 24, na mafuta ya kitani au vanishi inayolingana na iliyopo.

Kufupisha kutoka kitakoni

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza karibu kila mara. Upande wa mbele, yaani tipu, pete, unene wa ncha na namna mti unavyonyumbuka, unabaki kama ulivyouzoea.

Hatua ya kwanza ni kujua ndani ya kitako kuna nini. Toa kizibo cha mpira kama kipo. Fimbo nyingi zina tundu la shaba lenye hesi, yaani michirizo kama ya skrubu, la kufungia kirefusho. Ingiza waya mwembamba upime kina chake. Nyingine zina skrubu ya chuma au kipande cha risasi cha kuongeza uzito. Sumaku itakuonyesha chuma, lakini shaba na risasi haizioni. Kama fimbo ni nyepesi kwa unene wake na mizani iko mbele, huenda ndani hamna kitu. Kama kitako kinalemea kupita kiasi, tegemea metali. Msumeno ukikutana na risasi, simama. Vumbi lake ni sumu: vaa barakoa, fagia kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono. Na ukikata kipande chenye risasi, ile hesabu ya gramu 17 haina maana tena, unaweza kupoteza mara kadhaa ya hapo.

Angalia pia mahali ilipo nembo ya mtengenezaji na ule ubapa ambao fimbo nyingi huwa nao upande mmoja wa kitako. Kukata inchi moja mara nyingi hakugusi nembo, inchi mbili huenda zikaipitia.

Sasa amua kiasi. Kata nusu ya kile unachodhani unahitaji. Ukidhani ni inchi mbili, ondoa moja, cheza mwezi mzima, kisha amua tena. Hakuna anayejuta kwa kukata mara mbili.

Kuweka alama ya mraba kwenye kitu cha mviringo kuna ujanja wake. Chukua karatasi yenye ukingo mnyoofu, izungushe kwenye kitako mpaka ukingo ukutane na mwenzake, na ufuate mstari huo kwa penseli. Kwa kuwa kitako kinapungua unene, ukingo hautakutana kikamilifu, lakini tofauti ni ndogo na msasa utaimaliza. Funga utepe wa karatasi juu ya mstari, uchore upya, kisha pitisha kisu kuzunguka ili kukata nyuzi za juu za mti na vanishi. Mkato huo wa kisu ndio unaozuia kingo kubanduka.

Bana fimbo kwenye jiliwa ikiwa katikati ya vile vipande vya V, karibu na alama, na upande wa mbele uegemezwe juu ya kitu laini cha usawa uleule. Usibane mti moja kwa moja. Acha milimita 1 nje ya mstari, na usikate kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kata kina kidogo, zungusha fimbo, kata tena, mpaka mikato ikutane katikati. Ukikata moja kwa moja, upande wa mwisho utapasuka vipande.

Iliyobaki ni kazi ya msasa. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo, simamisha fimbo wima juu yake na uizungushe robo baada ya kila misuguano michache, ili mkono wako usiegemee upande mmoja. Ukifika kwenye mstari, hamia 240 na 400. Jaribio la mwisho ni kuisimamisha juu ya kioo kitupu: ikisimama bila kuyumba na mwanga haupenyi chini, uso ni mraba. Lainisha ukingo kwa pembe ndogo ya milimita moja hivi, kwani ukingo mkali hupasuka fimbo inapoegemezwa sakafuni.

Mwisho wa mti hunyonya unyevu kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo usiuache mtupu. Paka mafuta ya kitani mara tatu, kila mara ukiacha yakauke, au vanishi nyembamba mara mbili.

Kurudisha tundu la hesi ni suala jingine. Tundu hilo lazima liwe katikati kabisa na liwe sambamba na mhimili wa fimbo. Likienda kombo kwa digrii moja tu, kirefusho kitakaa kama kimepinda. Kwa keekee ya mkononi karibu haiwezekani. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukerezea. Kizibo cha mpira unaweza kukirudisha mwenyewe.

Uzito uliopotea unaweza kuurudisha. Kipande cha shaba cha kipenyo cha milimita 8 na urefu wa sentimita 4 kina kama gramu 17. Kikizamishwa kwenye tundu nyuma na kufunikwa na kizibo, fimbo inarudi karibu na uzito wake wa zamani, lakini mizani inasogea nyuma kidogo. Wachezaji wengi hawahitaji. Subiri kwanza mkono uamue.

Kufupisha kutoka mbele

Hii ifanyike pale tu ncha yenyewe ina ugonjwa: ufa chini ya pete, mti uliobonyea, au ncha iliyosuguliwa kwa miaka mpaka ikawa nyembamba mno. Kwa wastani fimbo yenye vile vipimo vyetu huongezeka unene milimita 0.34 kwa kila inchi, ingawa karibu na ncha ongezeko huwa dogo zaidi. Kalipa itakuambia lako ni lipi. Milimita 0.3 zinaonekana si kitu, lakini ugumu wa mti kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo). Kutoka 9.5 hadi 9.8 ni ongezeko la asilimia 13. Tena ncha nzito zaidi huusukuma mpira mweupe nje ya mstari zaidi unapoupiga pembeni, kwa hiyo mipira ya kupindisha itabidi uizoee upya. Usivuke inchi moja.

Ng'oa tipu. Pasha pete ya shaba joto polepole kwa ncha ya kifaa cha kulehemu mpaka gundi ilegee, uivute. Moto wa wazi utaunguza mti. Kata kwa mbinu ile ile ya kuzungusha. Kisha unahitaji kuchonga shingo ambayo pete itavaa. Kwa kuwa pete nyingi za snuka ziko wazi pande zote mbili na mti hupita hadi juu, shingo iwe ndefu kuliko pete kwa nusu milimita, na baadaye uisawazishe. Pima kipenyo cha ndani cha pete, zungushia kisu mahali pete itakapoishia, na upunguze mti kwa tupa ndogo huku ukijaribu pete kila mara. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo. Bandika kwa epoksi.

Sasa mti ulio chini ya pete utakuwa mnene kuliko pete. Usiusugue pale pale kwenye mpaka tu, maana utatengeneza kiuno. Gawa tofauti hiyo kwenye sentimita 25 za mbele, kwa msasa 240 uliofungwa kwenye ubao mdogo, ukisugua kwa urefu wa mti na kugeuza fimbo kidogo kidogo. Pima kila baada ya mizunguko michache. Malizia na 400 na 600, mafuta ya kitani, halafu tipu mpya.

Kurefusha

Hapa kanuni ni moja: urefu unaongezwa nyuma. Kiungo kwenye ncha kitakuwa mahali pembamba kuliko pote, ambapo kila pigo hupita.

Njia rahisi ni kirefusho cha kufunga kwa hesi, kwa kawaida cha inchi 6 hivi. Watengenezaji hawatumii hesi moja, hivyo chukua fimbo yako unapokwenda kununua, ukijaribu kwa mkono bila kulazimisha. Kile cha kuchomeka nje ya kitako hakihitaji hesi, lakini kikilegea kitatoa sauti na kukuharibia umakini.

Kuunga kwa kudumu kunafaa kwa inchi 1 au 2. Tafuta kipande cha mti mkavu chenye nyuzi zilizonyooka, kinene kuliko kitako kwa milimita 2 au 3. Nyuma ya kitako cha eboni nachagua mti mwepesi, ili mizani isirudi nyuma sana. Sawazisha uso wa kitako na wa kipande juu ya kioo kama nilivyoeleza, mpaka vikikutana hauoni mwanga. Fundi wa kukereza atoboe tundu la milimita 10 katikati ya kila upande; kina cha sentimita 4 kwenye kitako, na kwenye kipande kadiri urefu wake unavyoruhusu bila kutokea nyuma. Kijiti cha mti mgumu kitakachounganisha kichongwe mfereji mwembamba kwa urefu wake, la sivyo hewa na gundi vitakwama ndani na kiungo hakitafunga.

Jaribu kila kitu kikiwa kikavu kwanza. Halafu paka epoksi ndani ya matundu yote mawili na kwenye nyuso, sukuma, zungusha kidogo, na ubane kwa mkanda unaopita kwa urefu wa fimbo. Iache saa 24 nzima. Epoksi ya dakika tano inakauka haraka, lakini si chaguo langu kwa kiungo kitakachoegemezwa sakafuni kila siku. Baada ya hapo punguza kipande kwenye mashine au kwa msasa mpaka kiendeleze mteremko wa kitako, kisha vanishi.

Viringisha fimbo juu ya kioo. Mwanga ukionekana na kufungwa upande wa nyuma tu, kipande kimekaa kombo, na dawa yake ni kukikata na kuanza upya.

Kuirudisha mezani

Pima tena uzito na mizani, ulinganishe na karatasi yako. Kisha anza na zoezi moja tu: weka mpira mweupe kwenye alama ya kahawia, uupige upite juu ya alama za bluu, waridi na nyeusi, ugonge ukingo wa juu, na urudi kwenye tipu. Ukirudi kulia kila mara au kushoto kila mara, chunguza kwanza mkono umeshika wapi kabla ya kuilaumu fimbo. Funga utepe mwembamba pale kigasha kinapokuwa wima, na uushike huo mpaka kiganja kipafahamu bila kuongozwa. Mipira ya kupindisha iache mpaka ile ya kunyooka itulie, hasa kama ulikata mbele. Na kama baada ya wiki chache fimbo bado inalalia mbele, sogeza mkono nusu inchi kuelekea mbele kwanza. Kile kipande cha shaba cha kitakoni kinaweza kusubiri.